Bakuli la Jirani Juu ya Friji

Mama alipokuja kuishi nasi Bredäng, huku Uswidi, aliacha kula. Hakuwa mgonjwa. Alikaa mezani, akaonja vijiko vitatu, akasukuma sahani na kusema samaki wa huku wamechoka. Nilimpikia kila nilichokijua tangu Bujumbura. Nilibadilisha maduka, nikabadilisha mafuta, nikarudia mapishi. Wakati huo nilikuwa msaidizi wa mwalimu. Kazi yangu ilikuwa kumweleza mtoto hesabu ileile kwa njia ya tano baada ya njia nne kushindwa, kwa hiyo uvumilivu ninao. Lakini ile sahani iliyorudi jikoni imejaa, kila siku, ilinimaliza.

Aliyetuokoa ni jirani wa mlango wa pili, mwanamke wa Kithai aliyekuwa mpishi katika mkahawa mmoja mjini. Siku moja mama alikaanga pilipili na vitunguu mpaka ngazi nzima ikakohoa. Kengele ikalia. Nilifungua nikiwa nimeshapanga maneno ya kuomba radhi, maana jirani wa chini alikuwa amelalamika mara mbili. Kumbe ni yeye, machozi yanamtiririka, anacheka. Akauliza kwa Kiswidi chake kifupi nani anapika. Nikamwonyesha mama. Walitazamana kama ndugu waliopoteana sokoni.

Jumamosi iliyofuata alituletea supu katika bakuli kubwa la bati lenye maua ya buluu. Ndani mlikuwa na kamba, ngisi na kome, katika mchuzi mwekundu ulionukia mchaichai na ndimu. Na pilipili. Hapa inabidi nieleze jambo. Kwetu pilipili hukaa pembeni, kwenye kisahani chake, na kila mtu huchota kwa kadiri ya ujasiri wake. Katika supu hii mpishi alikuwa ameshaamua kwa niaba yetu sote. Binti yangu alikunywa maziwa glasi mbili, akatangaza kwa Kiswidi kwamba ulimi wake umekufa. Mama alitoka jasho, akapenga kamasi, akaongeza wali. Alikula sahani mbili na kufyonza vichwa vya kamba. Niligeukia sinki ili asinione ninavyofurahi.

Nikaosha bakuli, nikavaa ndala nilirudishe. Mama akanishika mkono.

"Unakwenda wapi na bakuli tupu? Unataka jirani aulize nilikulea wapi?"

Hilo nalijua. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukikirudisha hivyo ni kama umesema asante, sasa tusijuane. Nikamwambia basi, nitatia maharage, yako tayari jikoni. Mama akanitazama kwa huruma, kama mimi ninavyomtazama mtoto aliyesema nusu ya kumi ni mbili. Mtu amekupa vya majini, wewe unamrudishia maharage? Alitaka ndagala, wale dagaa wa Tanganyika. Tena si wa dukani, ambao alidai wananuka ghala. Alitaka wa nyumbani. Muumini mwenzake kanisani alikuwa Bujumbura na angerudi baada ya wiki mbili. Bakuli likapandishwa juu ya friji kusubiri.

Muumini yule akaahirisha safari. Alipofika, ndagala wake wote waliishia kwenye harusi huko Tumba. Akatajwa msafiri mwingine. Wakati wote huo Jumamosi zilipita na kengele haikulia. Mama akarudi kwenye vijiko vyake vitatu, na jambo lililonichoma zaidi ni kwamba aliniuliza, "Jirani yako amepotelea wapi siku hizi?" kana kwamba nimemficha kabatini.

Nilikutana naye katika chumba cha kufulia. Akaniuliza hali ya mama, nikajibu mzima. Akaitazama mikono yangu, nami nilikuwa nimebeba shuka tu. Nilitaka kumweleza, lakini mama alikuwa amenikataza kabisa: zawadi haitangazwi kabla haijafika. Basi mimi ninayelipwa ili nieleze mambo, nikamweleza jinsi mashine ya kukaushia inavyochelewa.

Wiki ya tano akaleta supu nyingine, safari hii katika kopo la plastiki la kutupa. Ilikuwa nyeupe. Kamba walikuwemo, ngisi alikuwemo, pilipili hata mbegu moja haikuwemo. Mama akaonja, akaweka kijiko chini.

"Hiki ni chakula cha mgonjwa. Tumemkosea nini?"

Nikamwambia kosa letu liko juu ya friji. Anadhani supu yake ilituunguza, na kwamba bakuli lake tumelitupa au tunaona haya kulirudisha. Acha nilipeleke leo, hata na ndizi mbili.

"Angoje," mama akasema. "Ndagala wako njiani."

Walifika wiki ya saba. Mama aliwapika kwa mawese, nyanya na kitunguu, akaweka pilipili pembeni, tukaenda wote wawili. Jirani alipofungua, aliliona bakuli kabla ya kutuona sisi, akaweka mkono kifuani.

Alituketisha, akatusimulia. Kazini kwake sahani zinarudi kila mchana na kila mchana anaambiwa apunguze ukali. Amepunguza mpaka yeye mwenyewe hali tena anachokipika pale. Bakuli lilipokawia alijua hata sisi, watu wa pilipili ya kukohoza ngazi, tumeshindwa. Kwa hiyo akapunguza.

Nikaeleza. Nilieleza kwa maneno, kisha kwa mikono, kisha kwa mfano wa vikombe vyake viwili vya chai. Alisikiliza vizuri mpaka mwisho.

"Wiki saba," akasema, "kwa ajili ya samaki hawa wadogo?"

Kisha akacheka, akaleta kinu chenye pilipili iliyopondwa na ndimu, akachovya ndagala mmoja. Mama akachovya wa kwake. Walikuwa wamefika katikati ya bakuli jirani aliponiomba nimfasirie mama jambo moja.

"Sina bakuli jingine la supu ila hili. Mwambie alirudishe tupu. Nikiliona tupu, najua nipike tena."

Nikafasiri. Mama akaacha kutafuna.

"Tupu kabisa?"

"Tupu kabisa, mama."

Jumamosi supu ilikuja, nyekundu kama ya kwanza, na mama akala sahani mbili. Jumapili nikaosha bakuli, nikavaa ndala. Yeye alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwambia tafadhali, leo usianze. Alinyoosha mkono tu, akadondosha ndimu moja ndani ya bakuli, ikazunguka na kutulia juu ya maua ya buluu.

Jirani akafungua, akaichukua ile ndimu, akaigeuzageuza. Akaniuliza kama mama anataka supu iwe chachu zaidi.

Nikajibu ndiyo. Sikuwa na nguvu ya kueleza tena.