Hasira ya Watoto wa Kalenga

Mzee Kalenga aliwaachia watoto wake wawili nyumba ya matofali mtaani Kikula, pamoja na hasira isiyo na breki. Orpa, binti mkubwa, muuza samaki wakavu, aliijua vizuri. Ilimwanzia vidoleni. Mwaka mmoja alimtupia jirani jiwe la mizani, likampasua paji la uso. Alimpeleka hospitali mwenyewe, akapiga magoti mbele ya soko zima. Tangu siku hiyo, vidole vikianza kuwasha, huacha meza yake na kuondoka, hata wateja wakiwa wamesimama.

Mdogo wake Symphorien hakuwa mtu wa kuondoka. Mvua za mwaka huu zilipoanza, alimvunja mkewe Danielle taya, eti bukari, ugali wake, imepoa.

Ukoo ukakutana Jumapili baada ya ibada. Danielle alikaa mkekani, taya limefungwa nyaya, hawezi kusema neno.

“Haiko minye,” Symphorien alijitetea. “Njo damu ya baba. Hata dokta mumoja ku radio alisema, bantu bengine banazaliwaka nayo.”

Baba mdogo Évariste akaitikia. “Ni kweli, baba yake alikuwa vile. Tumuombee, tukate ile laana.”

“Hata minye niko na ile damu,” Orpa alisema. “Tulinyonya ziwa moja. Na kama unajua mbwa yako inauma, unaifungaka. Ku kazi, chef wako anakutukanaka kila siku. Ulishaka kumupiga?”

Orpa hakungoja jibu.

“Basi ile damu inajuaka chef ni nani. Inajuaka na Danielle ni nani.”

Symphorien akainuka, ngumi imekunjwa. Orpa naye akahisi vidole vyake, na mchi ulikuwa karibu. Aliuangalia. Kisha akamshika Danielle mkono, wakatoka nje.

Kesho yake walikwenda parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka, kushtaki, na karatasi ya daktari mkononi. Évariste alimfuata Orpa hadi mlangoni. “Muntu hapelekake ndugu yake ku parquet.”

“Minye namupeleka,” alijibu.

Symphorien alikamatwa saa nane mchana, akingali analalamikia damu ya baba yake.

Danielle sasa anaishi kwa Orpa, anakunywa uji kwa mrija. Évariste hupita mbele ya meza ya samaki bila salamu. Orpa naye hamsalimu.