Gitaa Langu Limenisema

Nimewahi kuumbuka mara nyingi, lakini kuumbuliwa na gitaa ndiyo kwanza. Ni gitaa la bei rahisi, nikalitia pikapu mwenyewe: kimaiki kidogo nilichokibandika kwa gundi ndani ya tundu, waya ukaenda kwenye spika. Mke wangu Salma aliposikia nimepata pikapu, aliniuliza nimeiegesha wapi.

Tukaalikwa kupiga harusini, Chake Chake. Spika ikawekwa uani kwa wanawake, alikokaa Salma. Mimi na rafiki yangu Hamadi tukakaa barazani, upande wa wanaume, jenereta likinguruma ubavuni mwetu. Nikapiga nyimbo mbili, sikusikia kigelegele hata kimoja. Nikajua pikapu imekufa.

Nikainama, mdomo juu ya tundu, nautafuta waya uliokatika. Hamadi akaniuliza mbona siku hizi nimenyong'onyea. Nikamwambia, maana niliona hapana wa kunisikia:

"Kazini nimeachishwa, huu mwezi wa pili. Kila asubuhi Salma ananipigia pasi shati, nami nakwenda Wesha kukaa gatini mpaka alasiri. Sijui nitamwambiaje."

Mara pazia la uani lilifunuliwa kidogo, akachungulia Bi Mize, shangazi yake bibi harusi. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza.

"Mwanangu, kizime hicho kitu chako. Huku tunakusikia tangu mwanzo. Salma keshavaa buibui lake, kaondoka."