Lori Lenye Miguu

Mwezi uliopita niliitwa kwenye kikao cha wazazi, shule ya awali anakosoma mwanangu wa mwisho. Mama mmoja mgeni, amevaa vizuri, akatuonyesha boksi la vitu vya plastiki na kutushauri kila mzazi anunue, eti vinakuza ubunifu wa mtoto. Ndani ya boksi kuna karatasi ya maelekezo: chekundu kinakaa hapa, cha bluu kinakaa pale, na mtoto akimaliza anapata nyumba ile ile iliyochorwa kwenye mfuniko. Wazazi wakapiga makofi. Mimi nilinyanyuka nikatoka nje, maana ningebaki ningesema maneno ya kunivunjia heshima. Tangu siku hiyo nina hasira, na kwa kuwa wewe ndiye uliyekaa karibu yangu, itabidi unisikilize.

Nyumba yetu ilikuwa Izia, hapa Sumbawanga, mwisho kabisa, pale mji unapoishia na mashamba ya mahindi na ulezi yanapoanzia. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mfinyanzi. Jumamosi asubuhi mimi na mdogo wangu wa kike tulishuka naye bondeni kuchimba udongo, tukaubeba kichwani kwenye makarai, na mwezi wa saba baridi ilitupasua midomo mpaka inatoa damu. Nyumbani tuliumwagia maji na kuukanyaga mpaka ukalainika, na kazi ya kutoa vijiwe ilikuwa yangu. Nyuma ya jiko palinukia moshi wa samadi kavu, tuliyopewa na jirani Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, na maharage yaliyokuwa jikoni tangu alfajiri. Tuliyala na ugali wa ulezi, udongo ukiwa bado kwenye kucha, na sikumbuki kama tuliugua.

Kabla hajaanza chungu chake, bibi alikata mabonge mawili akatupa kila mmoja la kwake. Hakutuambia tufinyange nini. Ukimpelekea kitu chako alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuzageuza, na hata siku moja hakuuliza, "Hiki ni nini?" Aliuliza, "Huyu anakwenda wapi?" Basi hapo mdogo wangu angeongea mpaka maharage yaungue. Huyu anakwenda kwa mjomba wake. Huyu anakwenda kuoa. Huyu anakwenda kwa padri kumshitaki mke wake. Bibi alisikiliza huku mikono yake ikizunguka chungu, mara moja moja akitupia swali, "Na mvua ikimkuta njiani?" Mtoto alirudi kwenye udongo kumwekea mtu wake kofia. Mama alilalamika kwamba bibi anamdekeza mtoto, anamfundisha maneno mengi. Bibi akamjibu, "Mwache, yuko kazini."

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sabuni na sukari, ghafla maduka yakajaa. Malori yalipita kwenda na kurudi Kasesya, mpakani na Zambia, yamebeba ndoo za plastiki, mabeseni, ndala na redio, na watu walioona zile ndoo waliacha kuulizia vyungu vya bibi. Masika barabara iligeuka tope tupu. Lori likikwama lilikwama siku mbili, tatu, na sisi watoto tulikwenda kulitazama. Mdogo wangu alikuwa na miaka saba, ndiyo kwanza ameingia darasa la kwanza. Alisimama kando ya barabara akiangalia magurudumu yanavyozunguka bila kwenda popote, na Jumamosi akafinyanga lori lenye miguu. Miguu sita minene, nyayo pana.

"Huyu anakwenda wapi?" bibi akauliza.

"Kasesya. Akifika kwenye tope anatembea."

Bibi alicheka mpaka akaweka chungu chini. Siku hiyo mvua ilipumzika, akalichoma lile lori pamoja na vyungu vyake, jambo ambalo hakuwahi kutufanyia, na likatoka zima, jekundu, bila ufa hata mmoja.

Wiki iliyofuata mwalimu wa darasa la kwanza aliagiza kila mtoto alete kitu cha kazi za mikono. Mimi nilikuwa darasa la tano, na asubuhi hiyo nilitumwa chaki darasani kwao, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Mwalimu alishika lile lori kwa vidole viwili.

"Hiki ni nini?"

"Lori, mwalimu."

"Lori lina miguu?"

Darasa zima likacheka. Mdogo wangu akaanza kueleza habari za tope, na mwalimu hakumsubiri amalize. Alimchapa fimbo mbili kwenye kiganja, mkono ule ule uliofinyanga. Kisha akachukua juu ya meza lori la plastiki alilokuja nalo mtoto wa mwenye duka, jipya, bado linanukia duka, akaliinua wote walione. "Lori linakuwa hivi." Mtoto yule akawa wa kwanza. Kazi za mikono! Mkono pekee uliofanya kazi pale ulikuwa wa baba yake alipolitoa kwenye katoni. Mdogo wangu akaambiwa Jumatatu aje na lori la kweli. Lile lake mwalimu alilitumia kuzuia mlango usibamizwe na upepo, na unaujua upepo wa Sumbawanga, halikumaliza mwezi.

Nimemchukia mwalimu yule miaka mingi na sioni haya kusema. Lakini kuna sehemu ambayo sijawahi kumwambia mtu.

Niliogopa mdogo wangu atachapwa tena. Jumapili baada ya misa nilichukua kopo la mafuta ya kupikia, nikalikata na kulikunja, nikachonga magurudumu manne kwa ndala iliyokatika, nikayapitishia waya. Yeye alikuwa amekaa karibu yangu. Aliokota gurudumu moja akataka kulibandika juu ya paa, sijui kwa nini, na wala sikumuuliza. Nilimpiga kibao mkononi nikamwambia, "Acha, utaharibu." Nikamfundisha aseme ametengeneza mwenyewe. Jumatatu mwalimu akamsifu mbele ya wenzake kwamba kumbe akitaka anaweza, na mimi nilifurahi, nilijiona dada mwema.

Jumamosi bibi akakata mabonge mawili kama kawaida. Mdogo wangu alilishika lake muda mrefu, halafu akaniletea. "Dada, nitengenezee."

Bibi akasimamisha mikono. "Mtoto huyu amefanywa nini?"

"Sijui, bibi," nikasema.

Toka siku hiyo mdogo wangu alikaa nami kutoa vijiwe, na kazi hiyo aliiweza. Bibi aliendelea kumkatia bonge lake wiki nyingi, na kila Jumamosi jioni mdogo wangu alilirudisha kwenye lundo likiwa bonge vile vile. Baadaye vyungu vilikosa kabisa wateja, bibi akaacha kushuka bondeni, na miaka michache mbele tukamzika. Bonde lile sasa lina nyumba za bati za bluu. Watu wa hapa wakikumbuka vyungu husema viliuawa na plastiki, na kweli plastiki ilikuja, niliiona. Lakini mdogo wangu hakukutana na ndoo. Alikutana na watu wazima waliojua lori linakuwaje.

Sasa mdogo wangu anaishi Milanzi, hapa hapa mjini, anauza mitumba, ana watoto watatu, na ni mtu wa kucheka. Jumapili hii alikuja kuniambia amehamia nyumba nyingine, ya ndani ndani, nyuma ya mashine ya kusaga. Nikamsogezea karatasi na kalamu, nikamwambia anichoree njia, mistari tu, mashine hapa, kisima pale. Alishika kalamu kidogo, akaiweka mezani.

"Mimi sijui kuchora, dada. Chora wewe, nitakuelekeza."

Nikachora. Alisimama nyuma yangu akinitajia kona, mikono ameifumbata, na mimi nilikuwa na hasira ya kuichana ile karatasi, na mle ndani hamkuwa na mwalimu wa kumlaumu.