Printa ya Ashura na Kifurushi cha Ugenini

Ashura binti Osman, mzaliwa wa Matungu, ana duka la kupiga chapa huko Shirere, Kakamega, na wateja wake wengi ni wanafunzi. Kompyuta zake hutumia Linux ya jamii ya Debian, ambayo hutolewa bure kwa ridhaa ya walioitunga. Programu za wizi, ambazo mtaa mzima unazitumia bila haya, yeye amejiharamishia.

Ijumaa moja, alipotoka msikitini, alimkuta Mzee Makhanu mlangoni. Binti yake Mitchel alikuwa akiolewa kesho yake, na ratiba za harusi hazijachapishwa. Ashura alikuwa amenunua printa mpya ya rangi, akaipokea kazi kabla hajaiunganisha. Ndipo alipogundua kwamba programu ya kuiendesha imefungwa katika kifurushi cha Fedora, jamii nyingine ya Linux, nacho hakifunguki katika Debian.

"Mama Raisa, mpwa wangu ana Windows ya kunakili kwa flashi," Makhanu akamwambia Ashura, akimwita kwa jina la mwanawe. "Weka hiyo tumalize."

"Mwenye Windows amempa ruhusa?"

"Mwenyewe yuko ng'ambo! Atajua aje?"

"Mwenye kujua hayuko ng'ambo, Baba Mitchel. Keti unywe chai."

Akatumia programu inayokigeuza kifurushi cha Fedora kiwe cha Debian. Kikaingia bila kunung'unika, na jina la printa likatokea kwenye skrini. Akaiamuru ichapishe. Kimya.

"Si umesema imeingia?"

"Imeingia."

"Basi imelala! Kesho niwaimbie wageni ratiba kwa mdomo?"

Ashura aliinamia skrini. Alisoma ujumbe wa kosa, kisha akakagua mahali kila faili ilipowekwa, akacheka hata mtandio ukamteleza.

"Nini sasa?"

"Bi harusi mgeni! Chumvi ameiweka pale mama yake alipokuwa akiiweka, na mama mkwe anaitafuta kwenye rafu nyingine. Fedora huziweka faili hizi katika folda ya lib64. Debian yangu inazitafuta katika lib."

"Kwa hivyo unamrudisha kwao?"

"Haki ya Mungu, simrudishi. Namwonyesha mkwe rafu."

Akaweka kiungo cha kuielekeza kompyuta kwenye faili zile, akaiwasha upya huduma ya kuchapisha, akatamka Bismillahi. Printa ikaguna, ikajinyoosha, ikatoa karatasi yenye maua mekundu pembeni na jina la Mitchel katikati.

Makhanu akaipokea kwa mikono miwili, ingali na joto, akaisoma akitabasamu. Ghafla akaruka.

"Simamisha! Selpher hayumo! Dada yangu, senge, yaani shangazi wa bi harusi! Akikosa jina lake hapa, hiyo keki haitakatwa."

"Nimweke wapi?"

"Juu ya mchungaji."

"Juu ya mchungaji?"

"Mchungaji atasamehe, ni kazi yake. Selpher je?"

Ashura akamweka Selpher juu kabisa, na kabla ya magharibi Makhanu akaondoka kwa boda boda, ratiba zote kifuani, halali tupu, akimhimiza dereva aende polepole.