Kayaki ya Mtu Mmoja

Mama yangu ni mtu wa kukaa roho juu. Akifunga mlango, hurudi kuusukuma. Akizima jiko, hurudi kulitazama, halafu anatutuma na sisi tukalitazame, maana huenda jiko likamdanganya yeye peke yake. Ni fundi cherehani, na pale wenzake wanapopitisha uzi mara moja, yeye hupitisha mara mbili. Nguo aliyoshona mama haifumuki ng'o.

Kwa hiyo siku baba aliposema anataka kununua kayaki, kile kimtumbwi cha plastiki cha kupiga kasia, ili awe anakwenda kuvua peke yake kwenye bwawa lililo nyuma ya mji, mama alisimamisha cherehani katikati ya mshono. Nikajua leo tumekwisha.

Baba alikuwa fundi rangi kabla ya kustaafu, na dari za nyumba za watu zimemmaliza bega la kulia. Mkono ule haupandi kupita kifua. Nyumbani jambo hili halitajwi. Kila asubuhi mama humshikia shati, baba huingiza mkono mbovu kwanza, mama huvuta taratibu, huku wote wawili wakijitia kuzungumzia mvua. Ukiwaona utadhani ni mahaba tu. Mahaba yapo, sikatai, lakini bega nalo lipo.

"Mshauri baba yako," mama akaninong'oneza jikoni. "Wewe anakusikia."

"Mama, baba hamsikii mtu."

"Basi tufuatane naye dukani. Nikifika huko nitajua la kusema."

Njia nzima hakujua. Alikuwa akifungua na kufunga zipu ya mkoba wake mpaka nikatamani kumnyang'anya.

Dukani kayaki zilisimamishwa ukutani, za rangi zote. Baba akawa mtoto mdogo. Akazigonga kwa kidole, akauliza ipi nyepesi, ipi ina matundu ya kusimamishia fimbo ya kuvulia. Moyo wake ukaangukia ya kijani, nyembamba, ya mtu mmoja. Dada muuzaji akaishusha sakafuni, naye baba akajikunja akaketi ndani, katikati ya rafu za viatu vya mpira, kasia mapajani.

"Vipi, naonekanaje?"

"Samaki watakuja wenyewe kukuamkia," nikamwambia.

Akacheka sana. Mama alikuwa ameinama, anapima upana wa kayaki kwa shubiri, kama anavyopima kiuno cha mteja.

"Hii ni nyepesi, mzee wangu, ila inayumba," alisema dada muuzaji. "Kukaa ndani si kazi. Kazi ni ukianguka majini. Lazima ujivute kwa mikono yote miwili mpaka urudi juu."

"Binti yangu, mimi nimeshinda juu ya ngazi miaka na miaka. Sijaanguka."

"Ulianguka," mama akasema kwa sauti ndogo.

"Mara moja."

"Mara mbili."

Dada akaenda kuleta jaketi la kuokolea maisha, jekundu, nene. Bila hilo, akasema, hamwachi mtu aondoke. Baba akasimama, akampa mama mgongo, akaunyoosha mkono wa kulia nyuma kidogo, akangoja. Hata hakufikiri. Ndivyo anavyongoja kila asubuhi.

Mama akalipokea jaketi, akapiga hatua moja. Kisha akasita. Akaliweka juu ya meza mbele ya baba, akarudisha mikono yake nyuma akaifumbata.

Baba akageuka, akamwona. Akalichukua mwenyewe. Akaingiza mkono wa kushoto, akautafuta upenyo wa pili kwa mkono wa kulia, akaukosa, akainamisha kiwiliwili chote, akaukosa tena. Jasho likamtoka. Jaketi likabaki linaning'inia upande. Dada muuzaji akasogea kumsaidia.

"Mwache, dada yangu," mama akamwambia.

Nilitamani ardhi inimeze. Na nilimkasirikia mama, nasema kweli, kwa kumwumbua mzee wa watu hadharani. Nikamgeukia nimwambie, nikaona anaing'ang'ania mikono yake isimponyoke ikaenda kumsaidia.

"Kule bwawani," akamuuliza baba, "atakushikia nani?"

Baba alilivua lile jaketi polepole, akaitazama kayaki ya kijani pale chini. Nikadhani atatoka nje na siku nyingi zitapita hatuongei mle nyumbani.

"Dada," akasema, "ya watu wawili mnayo?"

"Ipo, mzee. Pana, na imetulia. Mbele atakaa nani?"

Baba akamtazama mama. Mama, ambaye hata beseni la kufulia halijazi mpaka juu. Alikuja kuvunja safari, sasa anaulizwa kiti chake.

"Inapinduka?" akauliza.

"Mara chache, mama."

"Mara chache ndiyo mara ngapi?"

Dada akacheka. Mama alikuwa hatanii. Alinyoosha mkono akalichukua jaketi, akalivaa yeye. Lakini vidole vilevile vinavyotunga uzi gizani vilishindwa na kifungo kimoja cha plastiki. Baba akainama, akamfungia kwa mkono wake mzima, akauvuta mkanda kuona kama umeshika.

"Vuta tena," mama akasema.

Akavuta tena.