Lango Nililolifunga Juu ya Maji

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, niliyotenda kosa kubwa huku nikifuata adabu zangu zote. Kaa hapa kwanza, shati lako la kesho nitalipiga pasi baadaye. Nikikuacha uende kwa wakwe huko ziwani bila kusikia habari hii, nitakuwa nimekuonea.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, nimelelewa Awendo katikati ya miwa, sijawahi kuona maji mengi kuliko ya kisima. Dada yangu Akinyi alikuwa ameolewa na mvuvi, nami nikatumwa kumtembelea. Nilipanda boti kwenye bandari ya Sindo, nikafika kijiji kilichosimama juu ya maji. Palikuwa na mwamba mmoja tu usiotosha hata kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, basi watu wakasimika nguzo ziwani kuuzunguka, na juu ya nguzo wakajenga nyumba za mabati. Nilishuka nikinyata, mkono umeshika ukuta, na watoto wa pale wakanicheka mpaka wakakaa chini. Leo hata mimi najicheka.

Kati ya nyumba ya dada na ya jirani palikuwa na pengo, njia ya boti. Juu yake ulilazwa ubao mpana wa kuvukia. Boti ikija, mwenye boti anausogeza, na akishapita anaurudisha. Hilo halikuandikwa popote. Kila mtu alilijua, isipokuwa mgeni.

Asubuhi ya pili dada alinituma nimpelekee jirani miwa niliyotoka nayo nyumbani. Jirani huyo alikuwa mama mzee, nasi tulimwita Dani, kama sisi Wajaluo tunavyowaita nyanya zetu. Nikavuka. Sasa sikia. Kwetu ukipita lango la boma unalifunga nyuma yako, ng'ombe wasije wakaingia shambani. Marehemu baba alinichapa kwa hilo mara moja tu, nikalishika. Basi nilipofika ng'ambo niliinama, nikauvuta ule ubao mpaka upande wangu, nikauegemeza vizuri ukutani. Nikajiona binti mwenye malezi.

Mjukuu wa Dani, Ochieng', mtoto wa miaka mitano, alikuwa amebaki kwa dada akitafuna kipande cha muwa nilichompa. Akaamua kurudi kwao mbio. Watoto wa pale hawakuutazama ubao, kama wewe usivyokitazama kizingiti cha nyumba hii, na macho yake yalikuwa kwenye muwa. Mimi nilisikia tu maji yakilia.

Dani alikuwa akipaa samaki. Alitupa kisu, akaruka na gauni lake zima. Nami nilisimama tu. Kuogelea sikujua, na hata kupiga kelele nilishindwa. Akazama, akaibuka mikono mitupu, akazama tena. Mwanangu, nilimwahidi Mungu mambo ambayo mpaka leo sijamaliza kuyatimiza. Mara ya tatu akaibuka naye. Watu wakawavuta juu, mtoto akatapika maji, kisha akalia. Nimeimba kwaya miaka mingi, lakini sijasikia sauti tamu kama kilio kile.

Ndipo maneno yakaanza.

"Nani ametoa hii ubao?"

Wote wakamgeukia kijana mmoja, Owino, aliyekuwa amepita na boti muda mfupi kabla.

"Ni wewe! Kila siku unapita tu, hurudishi!"

"Haki ya Mungu, mimi nilirudisha!"

Hakuna aliyemwamini. Nami nikanyamaza. Ndiyo, nyanya yako huyu anayekukemea kila siku kuhusu ukweli, alinyamaza kimya. Mpaka baba yake Ochieng' alipomkwida Owino shati, ndipo sauti ikanitoka. "Ni mimi. Nilifunga lango."

Dani, maji yakimtiririka, akaniuliza lango gani. Nikamweleza habari ya ng'ombe huku nikilia. Akacheka, machozi yakiwa bado mashavuni.

"Nyathina," akasema, yaani mtoto wangu, "hapa hakuna ng'ombe. Hapa ukifunga njia, unafungia mtu. Kwenu walikufunza vizuri. Lakini ukifika kwetu, si ungeuliza?"

Akaniamuru niurudishe ubao kwa mikono yangu, watu wote wakitazama, kisha nimwombe Owino msamaha. Halafu akanipikia. Alinikalisha karibu na Ochieng', tukala samaki sahani moja, na mtoto yule akawa ananichagulia minofu isiyo na miiba kwa sababu aliona sijui kula samaki. Wangenifukuza nisingelalamika. Badala yake walinilisha, na shukrani ile sijaimaliza mpaka leo.

Kwa hiyo nakuambia, kuuliza si ujinga. Adabu ya kwenu ni njema, nenda nayo, lakini ukifika kwa watu, tazama kwanza wao wanaishije. Ukivuka mahali, mkumbuke anayekuja nyuma yako. Na ukikosa, sema mapema, kabla mwingine hajakwidwa shati kwa kosa lako. Mimi nilichelewa, na Owino alinisamehe, lakini usitegemee kila Owino atakuwa na moyo ule.

Kesho baba mkwe wako atakapokupokea, mpe mkono kwa heshima. Ndiye Ochieng'. Angebaki majini siku ile, huyo msichana unayemwandikia meseji kutwa asingezaliwa. Habari yote anaijua, alisimuliwa na Dani mwenyewe. Juzi nilimpigia simu kumuuliza tumpelekee nini, akacheka, akasema, "Mama, leta miwa."

Nimeikata, iko pale mlangoni. Nenda nayo, mwanangu. Mungu aliyemrudisha yeye akulinde wewe, akujalie nyumba yenye kicheko, na kila mahali utakapovuka, akukumbushe kuuacha ubao mahali pake.