Juisi ya Nyuma ya Mlango

Enzi zetu kule Koboko, karibu na mpaka wa Kongo na Sudani, wenzangu, juisi haikunywewa hivi hivi. Ilitazamwa kwanza. Leo kijana anafungua friji, anatoa chupa ya plastiki, anaimimina kooni huku macho yakiwa kwenye simu. Muulize nani ameikamua, atakutazama kama umechanganyikiwa. Sisi tungejua mti, tungejua tawi, na zaidi ya yote tungejua mikono ya nani.

Ninyi mliorudi pamoja nasi kutoka Kongo na Sudani mnakumbuka hali ilivyokuwa. Vita vya mwaka sabini na tisa, vilivyoiangusha serikali ya wanajeshi wetu, vilitutawanya kama vifaranga walioona mwewe. Tuliporudi, katikati ya miaka ya themanini, tulikuta nyumba hazina mabati na majani yamefika madirishani. Shuleni tulikaa juu ya matofali tuliyoyaokota kwenye magofu, kila mtoto na tofali lake, na ole wako uende haja ndogo ukaliache. Jioni tulicheza mpira wa majani ya migomba mpaka ufumuke. Lakini wakubwa hawakuwa na mchezo. Hakuna aliyejua jirani yake alikuwa wapi miaka yote ile, alikula na nani, alimwambia nani nini. Wanaume wengi walikuwa wanajeshi wa zamani, na mwanajeshi wa zamani hakai akiupa mlango mgongo. Watu walisalimiana kwa mikono miwili huku wakichunguzana. Ukikaribishwa kinywaji, mwenye nyumba alionja kwanza mbele yako, ndipo na wewe unywe. Hiyo haikuwa dharau. Ilikuwa adabu.

Kwetu mwenye adabu hiyo alikuwa bibi yangu, mama yake baba. Tulimwita haboba, kama Wanubi wa Koboko wanavyowaita bibi zao. Haboba alikamulia juisi nje, kwenye kigoda karibu na njia, ili kila apitaye aone. Chungwa alilibingirisha juu ya jiwe kwa kiganja mpaka lilegee, akalikata kwa upana, akaliminya kwa mkono mmoja juu ya kibuyu. Mbegu zilibaki katikati ya vidole vyake kama samaki wavuni. Embe dogo lenye nyuzi alilitomasa likiwa bado na ganda, akaling'ata kichwa, nyama yote ikatoka kwa mkupuo, kisha akaisugua na maji na kuichuja kwa kitambaa cheupe. Ukwaju aliuloweka, akaufikicha, na ukiuonja jicho moja lilijifunga lenyewe. Sukari ilikuwa ya magendo na ya shida, kwa hiyo mara nyingi tulipata asali, na nyuki aliyekufa ndani yake hakuhesabiwa kuwa uchafu.

"Mukono iko na macho," alikuwa akisema. "Chuma hapana macho. Chuma inasaga mpaka funza."

Basi siku moja chuma kikaingia nyumbani mwetu. Kitinda mimba wa haboba, baba mdogo Khamisi, alikuwa ametengeneza baiskeli kule Aru, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, wakati wa ukimbizi, na huko alipata mke. Jina lake Veronika. Alikuwa Mkristo, mrefu, mtu wa maneno machache. Alishuka kwenye lori na godoro, masufuria, na mashine nzito ya kusagia nyama, ile ya kufunga ukingoni mwa meza na kuzungusha kwa mpini. Lakini Veronika hakusagia nyama. Alisagia mananasi, tangawizi na maembe. Matunda ya pasheni aliyakwangua kwa kijiko, akayapiga kwa mwiko wa mti mpaka mbegu ziachane na ute. Maganda ya nanasi aliyachemsha, akayapoza, akachanganya vyote, akachuja mara mbili. Na kazi hiyo aliifanya jikoni, mlango umefungwa.

Haboba alisimama nje ya mlango ule akisikiliza mpini ukilia.

"Veronika! Kwa nini unafunga mulango?"

"Nyuki, mama. Iko mingi sana. Inaingia ndani ya sukari."

"Mimi nakamua hapa inje tangu zamani. Hakuna nyuki ilinifungia mulango."

Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wale wawili, kwa maana mmoja alikuja na Kinubi chake na mwingine na lugha za kwao. Lakini kila mmoja alikisikiliza cha mwenzake kama anayetafuta kitu kilichofichwa ndani yake.

Sisi watoto tuliionja juisi ile kwa siri, na niwaambie ukweli: ilikuwa tamu. Ilikuwa nzito, tangawizi inachoma kwa nyuma, na ilikaa mpaka kesho bila kuchacha. Ya haboba ilikuwa nyepesi, ina harufu ya mti wenyewe, lakini jua likifika utosini imeshaanza kutoa povu. Kwa chungwa tu mashine ilishindwa. Ilisaga ganda na mbegu pamoja, ikatoka chungu kama kwinini. Haboba alipoionja hiyo ya chungwa alitema chini, akatutazama mmoja mmoja. "Mumeona?" Kwake uchungu ule haukutoka kwenye mbegu.

Ikaja Iddi. Ilikuwa Iddi ya kwanza kwa ukoo wetu kukutana pamoja tangu kurudi. Mkesha wake Veronika alikamua pasheni na nanasi, akatia malimau mengi kwa kuwa wageni wangekuwa na kiu, akajaza mtungi wa udongo. Haboba hakutaka mtungi wake ukae na juisi asiyoijua. Alichukua ndoo mpya ya bati, inayong'aa kama kioo, akaimimina yote humo, akaifunika sinia. "Asubuhi kila mutu ajue ya nani iko wapi," alisema. Yake mwenyewe angeikamua kukicha.

Watu waliporudi kutoka kuswali, wa kwanza kuketi alikuwa baba mkubwa Rajabu, kifungua mimba wa haboba, aliyekuwa mwanajeshi zamani na bado akisema nyumbani kama yuko kambini. Veronika akachota kikombe, akaonja mbele yake kama tulivyomfundisha. Nilimwona akikunja uso. Akafungua kinywa kusema neno, lakini baba mkubwa alikuwa ameshampokonya kikombe. "Lete hapa! Kiu inaua mutu!" Akanywa, akaongeza, wageni wakafuata.

Chakula hakijaisha kuliwa, baba mkubwa akasimama ghafla, akaegemea ukuta na kutapika. Akafuata mgeni mmoja, kisha mwingine. Wanaume wazima walijikunja uani wakishika matumbo, mikeka ikachafuka, kanzu nyeupe zikachafuka. Na hapo likatoka neno ambalo kila mmoja alikuwa amelibeba moyoni tangu turudi, akingoja tu pa kulitua.

"Sumu!"

Veronika naye alitapika nyuma ya jiko. Nilimwona kwa macho yangu. Lakini mtu akishashukiwa, hata kutapika kwake kunaitwa ujanja.

Jioni, wagonjwa wakiwa wamelala wamechoka lakini wazima, ukoo ulikaa. Baba mdogo Khamisi alikaa chini katikati ya mama yake na mkewe, hakujua amtazame nani. Veronika aliulizwa alitia nini.

"Pasheni, nanasi, tangawizi, na limau," alisema. "Mama, kama mi nataka kuua mutu, nitakunywa mbele yake?"

"Ulikunja uso," haboba akajibu. "Mimi niliona. Ulijua."

"Ilikuwa na ladha ingine. Nilitaka kusema."

"Ulifunga mulango ya nini?"

Veronika alikuwa ameshajibu swali lile mara nyingi. Baba mkubwa akatoa amri kutoka kwenye mkeka wake: asubuhi huyu mwanamke arudi kwao. Na asubuhi akaondoka kweli, mashine yake kichwani imefungwa kwa khanga, baba mdogo akimsindikiza hadi kwenye lori. Yeye alirudi peke yake, na tangu siku hiyo akawa anakula mwenyewe, chumbani kwake.

Sasa sikieni. Haukupita muda mrefu, ikafika siku ya hitma ya marehemu babu, kisomo cha kumwombea. Haboba aliketi kwenye kigoda chake karibu na njia akakamua malimau na machungwa, kwa mkono, mbele ya watu wote, kama alivyofanya maisha yake yote. Mtungi wake ulikuwa umepasuka, kwa hiyo aliimimina kwenye ile ndoo ya bati, ikakaa humo mchana kutwa ikisubiri wasomaji. Kabla hawajafika alituita sisi wajukuu tunywe kidogo, naye akanywa. Nilihisi kama ninafyonza sarafu. Baada ya muda mfupi nikatapika, na wadogo zangu wakaanza kulia, na haboba mwenyewe akaishika nguzo ya baraza akatapika mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka.

Alipopata nguvu alikaa chini, akajifuta mdomo, akasema, "Zainabu, leta ile ndoo."

Nilimpelekea. Akamwaga iliyobaki, akaitazama ndani. Kule juu ndoo ilikuwa bado inang'aa. Chini, kuanzia pale juisi ilipofika, mng'ao ulikuwa umeliwa wote, bati limepauka kama jivu. Akapitisha kidole, akakionja, akakitema. Limau lilikuwa limelila bati, na sisi tumelinywa.

"Juisi ya Veronika," akasema polepole, "nani alimwaga ndani ya hii?"

Tulijua sote.

Hakumtuma mtu. Angeweza kumtuma baba mkubwa, au kumpa Khamisi maneno ya kupeleka. Alivaa gauni lake la Iddi, akanishika mkono, tukapanda lori mpaka Arua. Tulilala kwa ndugu zetu kijijini Onduparaka, ambako watu waliongea mpira usiku kucha wala hawakutuuliza tunakwenda wapi, na kulipokucha tukashika njia ya Vurra, iendayo Kongo. Mpakani afisa wa forodha alifungua kifurushi chetu, akakipekua, akafungua tena.

"Bibi, unaenda Kongo kufanya nini?"

"Kuomba musamaha."

Afisa akakifunga kifurushi. "Basi pita. Hiyo haina ushuru."

Kwao Veronika, babake alitupatia viti lakini hakutupa mkono. Veronika alisimama mlangoni, akatusalimu. Mamake hata salamu hakutoa. Aliingia jikoni, akafunga mlango, na mara tukasikia mpini wa mashine ukilia. Nilimtazama haboba. Alikuwa ametazama chini, mikono mapajani.

Yule mama alitoka na kikombe kimoja, akakiweka mbele ya haboba. Hakuonja. Alirudi nyuma, akakunja mikono, akasubiri. Wenzangu, ninyi mnajua maana yake. Katika siku zile kumpa mgeni kinywaji bila kukionja ilikuwa kama kumzaba kofi, na tena mgeni mwenyewe ndiye huyu aliyemfukuza binti yake kwa tuhuma ya sumu. Nilimvuta haboba gauni. Niliogopa kweli. Akautoa mkono wangu taratibu, akashika kikombe kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akanywa. Hakupumzika mpaka kitako cha kikombe kikatazama juu.

Kisha akamgeukia Veronika. "Ndoo ilikuwa yangu. Mukono iliyomwaga ilikuwa yangu. Wewe hukufanya kitu, mwanangu. Mimi ndiyo nilitia sumu juisi yako, kwa sababu nilikuogopa."

Veronika aliziba uso kwa khanga. Babake alikohoa, akakaa vizuri kitini, akasema kwa sauti iliyokwisha kulainika kidogo, "Hatutamaliza hii maneno leo. Khamisi akuje mwenyewe." Mamake alikichukua kile kikombe akakijaza tena, na safari hii alionja kabla ya kukileta.

Khamisi alikwenda mwenyewe, akatozwa faini ya mbuzi na maneno makali, na Veronika akarudi. Aliendelea kufunga mlango wa jiko, kwa kuwa nyuki hawakuwa wamehama. Kilichobadilika ni kwamba haboba alihamishia kigoda chake ndani. Wakaminya na kusaga pamoja: machungwa na malimau kwa mkono, mananasi na maembe kwa mashine, na juisi yote ikahifadhiwa kwenye mtungi mpya wa udongo. Baba mkubwa Rajabu alichukua mwaka mzima kabla ya kukigusa kikombe cha Veronika, na hata alipokigusa alikinusa kwanza kama mbwa wa polisi. Ile ndoo tulichotea maji ya kumwagilia mboga, na mimi mpaka leo sili mboga za mtu bila kuuliza.

Haboba ametangulia mbele ya haki. Mimi naishi Arua, na binti yangu ameninunulia mashine ya umeme. Naiheshimu kwa mbali. Inanguruma kama lori linalopanda mlima, inakata mbegu na ganda kwa pamoja, juu inaacha povu kama la sabuni, na binti yangu anaiita juisi ile kwa jina la Kizungu kana kwamba jina litapunguza uchungu. Vijana wetu wanaweza kusoma yaliyoandikwa kwenye chupa yote, mpaka yale madogo ya chini, lakini hawajawahi kuona chungwa likibingirishwa juu ya jiwe.

Msimu uliopita nilikwenda Koboko kumtembelea mama mdogo Veronika. Amezeeka sasa, na jikoni wajukuu wake wanapikia gesi. Tulivuta mkeka uani, tukachukua machungwa machache, mimi nikiyakata, yeye akiyaminya. Zamani kiwanja kizima kingesimama kutukodolea macho, kila mmoja akilinda uhai wake. Siku hiyo vijana walipita wakitoka na wakiingia, wakasema shikamoo bila kusimama, na hakuna hata mmoja aliyeuliza tunakamua nini.